Nusu ya somo la bunduki

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya bunduki, na najua kuna mtu ambaye tayari ameinuka apunguze sauti ya redio. Papa, iache tu. Watoto wako wanajua mlio wa bunduki kuliko wanavyojua kengele ya shule, basi tuongee mbele yao.

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa hapa Bigo, kartie ya Bunia, sentineli anayelala nje ya duka la watu. Anasema katika simu anaona wazungu wanalipa pesa nyingi ili wafundishwe bastola na bunduki. Wanaziba masikio, wanavaa miwani, mwalimu anasimama nyuma ya bega, wanapiga karatasi yenye miduara. Anauliza: "Papa, mbona hapa kwetu hakuna shule ya namna hiyo? Wezi wanakuja na bunduki, mimi nina tochi na fimbo."

Swali lake ni la mtu mzima, wala halistahili kukemewa. Nitamjibu, lakini kwanza arekebishe kitu kimoja. Shule za bunduki katika mkoa wetu wa Ituri hazijawahi kukosa. Tulikuwa nazo nyingi, hazikutoza ada hata franka moja, na wanafunzi walifuatwa hadi nyumbani, njiani, hata shuleni.

Anayetaka ushahidi aangalie Rwampara, si mbali na hapa. Tarehe 12 Februari 2003 kamera iliingia katika kambi ya UPC, chama chenye wanamgambo wake, pale Rwampara pamoja na Thomas Lubanga mwenyewe, aliyekuwa rais wa chama hicho. Akasimama mbele ya wanafunzi wa vita, akawatia moyo. Baadhi ya waliomsikiliza walikuwa watoto, na kanda ile ilisafiri kuliko wao: ilionyeshwa The Hague, mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI), nao wakasema kwamba baadhi ya wale wanaoonekana pale ni wazi walikuwa chini ya miaka 15. Tarehe 14 Machi 2012 Lubanga alikutwa na hatia ya kuwaingiza watoto jeshini na kuwatumia vitani. Tarehe 10 Julai mwaka uleule akapewa miaka 14. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ile, na kiini chake kilikuwa hicho hicho anachoniuliza sentineli wetu: nani alimfundisha nani kupiga bunduki, akiwa na umri gani, na kwa kazi gani.

Na Rwampara haikuwa ya kwanza. Mwaka 2000 vijana wa hapa, na watoto kati yao, walipakiwa katika ndege wakapelekwa Uganda, katika kambi ya Kyankwanzi. Mwanzoni mwa 2001 UNICEF ilifika kule, ikawarudisha watoto zaidi ya mia moja. Wako watu wazima leo katika mji huu waliokuwa katika ndege ile. Wanaendesha motari, wanauza mafuta ya taa, wanasali nasi. Hawapendi kuongelea jambo hilo, na sisi tunawaachia.

Walifundishwa nini? Kupiga saluti, kwenda mbio alfajiri, kutambaa, kuimba, kufungua silaha na kuifunga, kisha kupiga. Fimbo nyingi. Chakula kidogo. Bunduki aina ya Kalashnikov ina kishikio upande wa kulia, ambacho kikiwa juu silaha imefungwa. Ukikishusha hatua moja, haitoi risasi moja moja: inamwaga mfululizo, kwa mwendo wa kama 600 kwa dakika. Shaja yake ina risasi 30. Pigeni hesabu wenyewe: sekunde tatu, shaja imekwisha, na mdomo wa bunduki umeinuka mbinguni kwa sababu mkono wa mtoto hauwezi kuushikilia. Risasi ya kwanza labda ilikwenda alikotaka. Zile nyingine ziliangukia kwa mtu, shambani, katika bati la nyumba ya jirani. Shule ile haikuona ubaya katika hilo. Ilihitaji mlio na woga. Kulenga halikuwa jambo lake.

Sasa twende katika darasa lile la kwenye simu, kwa sababu nadhani kijana wetu ameliona kwa macho, hajalisikia. Anaona moshi. Haoni saa nyingi kabla ya moshi.

Darasa la kweli la bastola huanza bila risasi hata moja mezani. Mwalimu anachukua silaha, anaifungua, anaangalia ndani, kisha anaingiza kidole kwa sababu macho pekee hayatoshi. Anampa mwanafunzi. Mwanafunzi, ingawa ameona kwa macho yake kuwa ni tupu, anaanza upya: anaifungua, anaangalia, anagusa. Akimpa mwenzake, mwenzake naye anaanza upya. Mtu akiona hivyo kwa mara ya kwanza atacheka. Lakini ndiyo kanuni ya kwanza kati ya nne ambazo Mmarekani Jeff Cooper, askari wa zamani aliyefungua shule yake Arizona mwaka 1976, alizitangaza hadi zikaenea katika viwanja vya shabaha vya dunia nzima: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Kila mara. Hata ile uliyoitoa risasi wewe mwenyewe sasa hivi.

Ya pili ni kwamba mdomo wa bunduki usielekee kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Hapo, ndugu zangu, nawakumbusha askari na wanamgambo tuliowaona barabarani hapa mjini, bunduki imelala mapajani juu ya motari, mdomo umemtazama mama aliyebeba mtoto mgongoni. Katika darasa lile, mwanafunzi akifanya hivyo mara moja anaonywa, akirudia anafukuzwa, hata kama amelipa. Ya tatu: kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga na umekata shauri. Ya nne nitaifikia, kwa maana hiyo ndiyo yetu.

Baada ya hapo ndipo mafundisho ya mwili yanaanza. Jicho lipi kati ya mawili linatawala. Miguu isimame vipi. Pumzi: unavuta, unatoa nusu, unatulia. Kidole kinavuta taratibu sana, kiasi kwamba mlio wenyewe unamshangaza aliyepiga. Kuna zoezi la kuweka sarafu juu ya bastola tupu, kisha unavuta kifyatulio bila sarafu kuanguka. (Sisi tungeshindwa mapema, franka zetu zote ni karatasi.) Kuna watu hufanya zoezi hilo jioni baada ya jioni bila risasi. Wale wanaoshindana katika Olimpiki, kwa bunduki ya hewa ya mita 10, hulenga nukta ya katikati yenye upana wa nusu milimita. Nusu milimita! Mwaka 2024 mashindano ya Paris yalitupa yule baba wa Uturuki, Yusuf Dikeç, aliyepiga bastola mkono mmoja ukiwa mfukoni, akachukua medali ya fedha pamoja na mwenzake katika timu ya mchanganyiko. Simu za Bunia zilimzungusha sana, watu wakasema hakuhitaji mazoezi. Alikuwa askari wa miaka mingi, na hiyo haikuwa Olimpiki yake ya kwanza. Ule mkono mfukoni ni matunda ya kurudia jambo moja mpaka mwili unatulia wenyewe.

Kwa hiyo, kijana wangu, kile unachokitamani ni shule ya kuzuia mkono. Sehemu kubwa ya ada yao wanalipia hiyo. Kubonyeza kifyatulio mtoto wa miaka kumi anaweza, Ituri ilishathibitisha mbele ya majaji wa dunia. Hicho ndicho kipande tulichogawiwa sisi. Kile kingine hakikutufikia.

Nije sasa kwenye kanuni ya nne: jua unachokilenga, na jua kilichoko nyuma yake. Kwa hilo hatuhitaji Arizona, tuwatembelee watu wa Bigo. Nyumba zetu ni matofali ya udongo, miti, mbao, bati. Zimekaribiana hata jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani. Risasi ya Kalashnikov hutoka kwa mwendo wa mita kama 715 kwa sekunde. Haisimami kwenye ubao. Ukuta wa udongo mwembamba haiheshimu. Mwizi amesimama mlangoni kwako, nyuma ya mwizi kuna nyumba ya mama fulani, na ndani mna watoto wanne kwenye mkeka mmoja. Katika uwanja wa shabaha nyuma ya ile karatasi kuna kilima cha mchanga, kirefu kuliko mtu, kilichojengwa kwa kazi hiyo tu. Bigo haina kilima hicho. Nyuma ya kila kitu hapa kuna mtu.

Na msiseme sisi hatujui silaha. Masikio yetu yamesoma hadi chuo kikuu. Risasi inakwenda mbio kuliko sauti, na kwa sababu hiyo unaposikia "ta!" juu ya bati, kisha "du" kutoka mbali, ile ya kwanza ni risasi yenyewe inapita, ya pili ni bunduki iliyoitoa. Nafasi kati ya "ta" na "du" inakwambia mpigaji yuko umbali gani. Sekunde moja ni mamia ya mita. Majeshi hufundisha hilo ubaoni. Mama wa Bunia walijifunza Mei 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka tarehe 6, wanamgambo wakapigania mji huu mtaa kwa mtaa, na watu kwa maelfu wakajibanza kando ya kambi ya MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na uwanja wa ndege. Mama anasikia "ta" na "du" karibu karibu, analaza watoto chini. Akisikia nafasi ndefu, anaendelea kusonga ugali. Somo hilo tulilipa.

Najua atakayesema: huyu wa redio anatutaka tukae mikono mitupu tuchinjwe. Hapana, na hoja ya upande wa pili nitaisema mimi mwenyewe, tena kwa mfano wake bora kabisa. Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013. Magaidi wameingia jengo la maduka la Westgate. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile. Miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwemo raia wenye vibali vya bastola, watu waliozoea viwanja vya shabaha. Mmoja wao, Abdul Haji, alikuwa na ndugu yake ndani. Aliingia na bastola yake, akaungana na askari wachache, wakasaidia familia kutoka. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilizunguka dunia. Baadaye akawa seneta wa Garissa. Simdharau mtu huyo hata kidogo. Katika hali ile, ujuzi wake uliokoa roho.

Lakini endeleeni na hadithi hiyohiyo. Siku ileile, ndani ya jengo lilelile, vikosi viwili vya serikali ya Kenya vilikutana bila kutambuana, vikafyatuliana, na kamanda wa polisi akafa. Hao ni watu waliosomea, wenye mishahara, wenye redio za mawasiliano. Kanuni ya nne iliwashinda. Halafu mnataka kuniambia vijana wetu wa kartie, saa nane usiku, umeme hakuna, mvua inapiga bati, watatambuana?

Tena Haji alikuwa na kibali. Kenya ina ofisi inayojua bastola ile ni ya nani. Kwetu sheria ipo pia, tena ya zamani: ile ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi, inayodai kibali cha serikali. Kampuni za ulinzi hapa Kongo haziruhusiwi kuwapa walinzi wao bunduki. Yule mwenye bunduki mlangoni pa benki ni polisi wa taifa. Raia akikamatwa na silaha ya vita, kesi yake inakwenda mahakama ya kijeshi, na hilo lilikuwa hivyo hata kabla ya utawala wa kijeshi ulioanza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 Mei 2021. Kijana wa tochi na fimbo, anayekuambia nunua bastola ya siri anakutafutia gereza kabla hujamwona mwizi.

Shida yetu kubwa haiko katika maandishi ya sheria. Hapa bunduki hazina daftari. Juni 2003 Wafaransa wa kikosi cha Artemis cha Umoja wa Ulaya walipofika waliamuru Bunia isiwe na silaha zinazoonekana. Sikilizeni neno hilo la mwisho. Silaha zikaacha kuonekana: zikapanda darini, zikashuka chini ya vitanda, zikafukiwa mashambani. Kati ya Septemba 2004 na Juni 2005 ukaja mpango wa kunyang'anya silaha, wakapita wapiganaji zaidi ya 15,000, na bunduki zilizorudi zilikuwa chache sana kuliko watu. Nyingine zilibaki kwa nani? Tumezisikia baadaye Djugu, Irumu, Mahagi. Mwalimu yeyote wa shabaha mwenye akili angekataa kufungua darasa katika mji ambao hakuna anayejua idadi ya risasi zake. Katika uwanja wa kweli risasi zinahesabiwa wakati wa kutolewa, na maganda yanaokotwa.

Wakati huohuo zile shule nyingine hazijafungwa. Lubanga alimaliza kifungo mwaka 2020, na mwaka 2025 jina lake likarudi katika habari na kundi jipya, CRP. Kundi la wanamgambo la CODECO lipo. Kundi la Zaïre lipo. Mwaka 2023 bunge la Kinshasa lilipitisha sheria ya jeshi la akiba, na sasa kila anayetaka vijana wa kijiji husema anawaita kulinda nchi. Wanamwambia kijana: njoo siku chache, utajua bunduki, utalinda mama yako. Siku chache! Dikeç angecheka. Katika siku chache mtu hajifunzi hata kuishika bastola tupu bila kumwelekea mwenzake. Anajifunza kishikio kinashuka vipi, basi.

Jibu langu kwa sentineli ni hili: hapana, Bigo haihitaji shule ya bastola, na anayekuja kuifungua usiku mwogopeni kuliko mwizi. Inahitaji ile nusu ya somo tuliyonyimwa, na nusu hiyo haihitaji bunduki hata moja. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuifundisha kwa chaki. Mchungaji, padri, imamu wanaweza kuisema. Mtoto ajue kwamba risasi iliyookotwa mferejini si kitu cha kuchezea wala cha kupasua kwa jiwe apate shaba, na kwamba chuma chenye umbo la ajabu shambani hakiguswi, hakirushiwi mawe, hakipelekwi kwa mnunua vyuma. Askari wa mji naye akumbushwe na kamanda wake: ile risasi anayoipeleka hewani kwa furaha, timu ikishinda au mwaka ukiingia, lazima ianguke, na ikianguka ina nguvu ya kupasua fuvu.

Hiyo Rwampara yenyewe leo ni kambi ya jeshi la taifa. Kama kuna mahali penye haki ya kufundisha kulenga, ni pale, kwa watu wazima, chini ya amri na daftari. Ningependa siku moja wakubwa wa pale waje katika redio watuambie mwanajeshi mpya anapewa saa ngapi za kanuni ya nne kabla hajatumwa mjini. Hilo ni ombi, mkuu akinisikia, si shutuma.

Na kwa wazazi: mwana wako akiitwa "mafunzo" usiku, uliza mwaliko umeandikwa na nani, kama shefu wa kartie anaujua, na kwa nini wanataka wenye miaka 13. Ukipata risasi au guruneti, weka alama mbali nayo, zuia watoto, mpelekee habari shefu wa kartie au askari wa karibu, usiibebe. Na wewe unayejua kuna kitu darini tangu 2003, watu wa P-DDRCS, mpango wa serikali wa kukusanya silaha, wanazipokea. Usisubiri mjukuu wako akikute.